Darasa la mazoezi na lishe kwa wanawake wenye unene uliokithiri: wiki 12 nizigawe vipi?

Mpangaji12

Habari za kazi wakuu. Naandaa darasa la wiki 12 kwa wanawake wenye BMI (uzito kwa kilo ukigawanywa kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe) ya 30 na kuendelea, umri miaka 25 hadi 55. Mara mbili kwa wiki, saa moja kila kipindi. Wengi wanalalamika magoti, baadhi wana presha, wawili wana kisukari na wako kwenye dawa. Vifaa vilivyopo: viti, ukuta, mipira ya kuvuta, futi ya kupimia na mizani moja.

Maswali matatu:
1. Saa hiyo moja niigawe vipi kati ya mazoezi na somo la lishe?
2. Mwenye maumivu ya goti aanzie wapi?
3. Nimjibu nini anayefuata kila kitu na mizani haisogei?

Naomba mambo ya vitendo. "Kula kidogo, tembea sana" tayari wanaijua wote.

---

Kocha_wa_Viungo

Mkuu, nianze na goti, maana hilo ndilo litakalokuondolea watu wiki ya pili. Kuchuchumaa bila kiti na kupanda ngazi viweke kando kwanza. Anza na kukaa na kuinuka kitini. Kiti cha kawaida kina kimo cha sentimita 45 hivi. Weka juu yake mto mgumu wa sentimita 7 au 8, kwa sababu kadiri anavyoshuka chini ndivyo goti linavyokunjika na kubeba mzigo mkubwa zaidi.

Asogee mbele hadi nusu ya kiti, avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainamishe kifua mpaka pua ivuke vidole vya miguu, ndipo asukume sakafu kwa unyayo mzima. Kupanda sekunde 2, kushuka sekunde 3. Tumbo likimzuia kuinama, atanue miguu na kuelekeza vidole nje kidogo, tumbo lipite katikati ya mapaja. Vitabu vingi vya mazoezi vinalisahau hilo, halafu mtu anaambiwa ana kiuno kigumu.

Makosa utakayoyaona ni mawili. La kwanza, magoti kuingia ndani: mfunge mpira wa kuvuta juu kidogo ya magoti na umwambie ausukume kwa nje. La pili, kujibwaga kitini mwishoni. Anayejibwaga si mvivu, kiti kimemzidi kwa ufupi, ongeza mto.

Seti 2 za mara 8, pumziko dakika moja na nusu, aache akiwa bado anaweza kuinuka mara mbili au tatu. Maumivu ya goti yasizidi 3 kwa kipimo cha 0 hadi 10, na yawe yametulia kufikia kesho yake. Yakizidi, pandisha kiti. Ukiongeza kusukuma ukuta, kuvuta mpira kuelekea mbavuni, na kuinuka kwa ncha za vidole huku ameshika kiti, una mazoezi manne yanayotosha wiki sita za kwanza. Zoezi jipya kila kipindi humfurahisha mwalimu kuliko linavyomsaidia mwanafunzi.

Mgawanyo: dakika 8 kupasha mwili, 25 mazoezi ya nguvu, 7 kutembea taratibu, 20 somo la lishe wakiwa wamekaa. Kutembea kwenyewe ni kazi ya nyumbani. Wiki ya 1 na 2, dakika 10 kwa siku 5. Kila baada ya wiki mbili ongeza dakika 5. Wiki ya 9 atakuwa kwenye dakika 30 mara 5, yaani dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kama kiwango cha chini kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli siku 2 ambayo darasa lako tayari linayatoa. Mwongozo wao wa 2020 uliondoa sharti la kutembea angalau dakika 10 mfululizo, kwa hiyo dakika 5 mara mbili ni halali kabisa. Kasi iwe ile ya kuweza kuongea lakini si kuimba.

Halafu waambie mapema kuhusu mapaja kusuguana. Kaptula ya kubana inayokaribia goti au mafuta ya mgando kabla ya kutembea. Wengi huacha kwa sababu ya michubuko, na wanaona haya kusema.

Mizani ningeificha kabisa. Pima mara anazoinuka kitini ndani ya sekunde 30, wiki ya 1, 6 na 12, kwa kimo kilekile cha kiti. Hapo ataona maendeleo.

---

Lishe_kwa_Vipimo

Kocha, kipimo cha kiti nakiunga mkono, ila kwenye kuficha mizani tunatofautiana. Ukiificha wanajipima nyumbani kila asubuhi na kujitafsiria wenyewe. Bora uwafundishe kuisoma.

Kwanza ondoa ahadi ya uongo. Mwanamke wa kilo 90 akitembea nusu saa kwa kasi ya kilomita 5 kwa saa hutumia takriban kalori 110 zaidi ya ambazo angetumia akiwa amekaa. Soda ya nusu lita ina kalori zipatazo 210. Mazoezi yanalinda misuli, yanashusha presha na sukari, yanasaidia uzito usirudi. Kupungua kwenyewe huamuliwa zaidi na sahani. Asipoambiwa hivyo siku ya kwanza, mizani itamwambia kwa ukatili zaidi.

Pia malengo. Mtu wa mita 1.60 na kilo 90 ana BMI ya 35. Ukimwambia afike chini ya 25 umemtaka apunguze zaidi ya kilo 26. Utafiti wa kuzuia kisukari uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na dakika 150 za mwendo kwa wiki, na hatari ya kupata kisukari cha aina ya 2 ilishuka kwa asilimia 58 ukilinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Asilimia 7 ya kilo 90 ni kilo 6.3. Hilo ni lengo la kubandika ukutani.

Kwenye dakika 20 zako, fundisha jambo moja tu kila kipindi, na liguswe kwa mikono. Ningeanza na mafuta. Mpe kila mmoja chupa ya maji na kikaangio kitupu, amimine kama anavyomimina mafuta jikoni kwake. Kisha arudishe maji hayo kwa kijiko cha ml 15, akihesabu. Kila kijiko cha mafuta ni kalori 120. Aliyedhani anatumia viwili akikuta sita, huhitaji kuhubiri; hizo ni kalori 480 za ziada kwenye chungu, zigawanye kwa walaji wa chungu hicho.

Kipindi kinachofuata vinywaji, kisha protini: gramu 25 hadi 30 kwa mlo, kwa sababu inashibisha na inalinda misuli. Kwa kukadiria, mayai mawili ni gramu 12, kuku aliyeiva asiye na ngozi gramu 100 ni kama 30, kikombe cha maharage yaliyoiva ni kama 15. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila daktari wake. Sahani (nusu mboga, robo protini, robo wanga) iwe ya nne, maana bila hayo ya mwanzo inabaki kuwa picha. Kila mwisho wa somo mwombe mmoja amweleze mwenzake alichoelewa. Ukiuliza "mmeelewa?" utaitikiwa ndiyo hata na waliosinzia.

Sasa mizani isiyosogea. Misuli iliyoanza mazoezi huhifadhi maji, na siku zinazokaribia hedhi zinaweza kuongeza kilo moja au mbili za maji. Kwa hiyo apime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kwenda haja, na alinganishe na wiki nne zilizopita badala ya wiki jana. Kiuno kipimwe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa juu wa nyonga, mwisho wa kutoa pumzi ya kawaida, futi ikiwa mlalo pande zote. Usipime kitovuni, kwa tumbo lililoshuka kitovu kinashuka nalo. Hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huanza kupanda kwenye sentimita 80, na inapanda sana kwenye 88.

Kama wiki nne zimepita na hakuna kilichobadilika, kilo wala kiuno, arudi kwenye kijiko cha mafuta na vinywaji. Vipimo hulegea kimyakimya kufikia wiki ya tano. Na akiwa tayari amepungua, mwili mdogo unatumia nishati kidogo, kwa hiyo ile hesabu ya "kalori 7,700 kwa kilo" (kwamba ukipunguza kalori hizo unapungua kilo moja) huahidi zaidi ya inavyotoa kadiri miezi inavyokwenda.

---

Nesi_wa_Zamu

Nyongeza za usalama, kwa ufupi.

Mkanda wa mashine ya presha: mkono wenye mzunguko wa zaidi ya sentimita 34 au 35 unahitaji mkanda mkubwa. Mdogo huipandisha presha kwa uongo, na mtu anaongezewa dawa asiyoihitaji.

Hao wawili wa kisukari, uliza majina ya dawa. Insulini, na vidonge vya glibenklamidi na gliklazidi, zinaweza kushusha sukari wakati wa mazoezi. Metformini peke yake ni nadra. Kwa wanaotumia hizo tatu, sukari ikiwa chini ya 5 mmol/L kabla ya kuanza, wale gramu 15 hadi 30 za wanga kwanza. Anayetumia atenololi (dawa ya presha) usimpime juhudi kwa mapigo ya moyo, dawa inayazuia. Tumia kipimo cha kuongea cha kocha.

Wenye hedhi zisizo na mpangilio kwa sababu ya vifuko vingi kwenye ovari: uzito ukishuka hata asilimia 5, yai linaweza kuanza kupevuka. Asiyetaka mimba aambiwe mapema.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi isiyotulia baada ya kupumzika: simamisha, apelekwe kituoni.

---

Mpangaji12

Shukrani sana wote. Dada Nesi, la mkanda sikulijua. Swali la mwisho: mmoja hutokwa na mkojo akirukaruka. Nimtoe kwenye kupasha mwili?

---

Kocha_wa_Viungo

Usimtoe, toa kuruka. Wote wapige hatua papo hapo wakiinua magoti, asijulikane nani kasababisha. Mfundishe kukaza misuli ya sakafu ya nyonga kana kwamba anazuia mkojo na upepo kwa pamoja, sekunde 6, aachie sekunde 6, mara 8, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Asijaribie chooni kwa kukatiza mkojo. Kitini, akaze kwanza, kisha atoe pumzi akiinuka. Na asiache kunywa maji kabla ya darasa akidhani anajisaidia: mkojo mzito hukichokoza kibofu na kumkimbiza chooni zaidi.