Mjadala: "Dada wa Haruni" ni kosa la historia, au tunasoma nasaba vibaya?

Mleta mada
Wakuu, hoja hii hurudi kila Wakristo na Waislamu wanapomzungumzia Bikira Maria. Katika Kurani, Sura ya 19, aya ya 28, jamaa zake wanamwita "dada wa Haruni" anaporudi amembeba mwanawe. Sura ya 66, aya ya 12, inamtaja kuwa binti wa Imrani. Sasa fungua Hesabu 26:59: Amramu na Yokebedi wamezaa Haruni, Musa na Miriamu. Imrani ndiye Amramu na Maryamu ndiye Miriamu kwa Kiarabu: baba, kaka na binti, majina ni yale yale, na kati ya Miriamu yule na mama yake Yesu kuna zaidi ya miaka 1,000. Kwangu mimi majina matatu hayawezi kuangukia familia mbili kwa bahati tu. Naomba majibu ya maandiko, jazba tuiweke kando.

Zaituni
Mkuu, swali hili liliulizwa Mtume akiwa hai. Katika Sahihi Muslim, mkusanyo wa hadithi (mapokeo ya maneno na matendo ya Mtume), sahaba Mughira bin Shu'ba alikwenda Najrani, kusini mwa Arabuni, Wakristo wa huko wakamwambia: mnasoma "dada wa Haruni" na hali Musa alimtangulia Isa kwa miaka mingi. Aliporudi alimuuliza Mtume, naye akamjibu kwamba watu wale walikuwa wakijiita kwa majina ya manabii na watu wema waliowatangulia.

Lakini tuseme hadithi huikubali. Chukua Kurani peke yake. 2:87 inasema Musa alipewa Kitabu, baada yake wakafuatishwa mitume wengine, ndipo anatajwa Isa mwana wa Maryamu. Anayeandika hivyo hawezi kudhani Isa ni mpwa wa Musa. Kisha nenda 28:11, pale mama yake Musa anapomtuma binti yake afuatilie kile kisanduku mtoni. Binti huyo hatajwi jina. Jina Maryamu limo mara 34, na kila mara ni mama yake Isa. Hakuna mwanamke mwingine aliyetajwa kwa jina katika Kitabu kizima. Makosa huanza pale mtu anapoinyofoa 19:28 peke yake na kuijazia kwa Hesabu 26.

Kalamu
Naongezea kutoka upande wa Injili, maana wenzangu Wakristo tunasahau vya kwetu. Luka 1:5 inasema Elisabeti ni wa uzao wa Haruni, na 1:36 malaika anamwambia Maria kuwa Elisabeti ni jamaa yake. Kwa hiyo uhusiano wa Maria na ukoo wa kikuhani umo ndani ya Luka. Halafu tazama lugha yenyewe: Mathayo 1:20 Yusufu anaitwa "mwana wa Daudi", na katika Luka 13:16 yule mama aliyepinda mgongo miaka 18 anaitwa "binti wa Ibrahimu". Hakuna anayesema Mathayo alikosea karne. Katika kinywa cha watu wanaomlaumu, "dada wa Haruni" lina uchungu wake: wewe wa ukoo wa makuhani, ndiyo umefanya hivi?

Mleta mada
Haruni nimeelewa. Imrani bado. Mapokeo ya Kikristo yanamwita baba yake Yoakimu.

Zaituni
Yoakimu hayumo katika Injili yoyote kati ya zile nne. Yeye na Ana wanatoka katika Injili ya Yakobo, kitabu cha karne ya 2 ambacho hakikuingia katika Biblia. Wafasiri wengi wanasema Imrani huyu ni mwingine mwenye jina lile lile. Wengine husoma "binti wa Imrani" kama Kalamu alivyosoma "binti wa Ibrahimu". Nakubali kwamba hapa ushahidi si mzito kama wa Haruni.

Mwana wa Vitabu
Kitabu hicho alichokitaja dada Zaituni kina Maria aliyewekwa hekaluni akiwa na miaka 3, analishwa na malaika, na Zakaria yumo. Linganisha na 3:37: Zakaria kila akiingia mihirabuni, mahali pa ibada, anamkuta Maryamu na riziki.

Na mtende wa 19:23–26, ambapo Maryamu anajifungua? Luka anasema mtoto alilazwa horini. Mtende unaoinama na chemchemi chini yake vimo katika simulizi za Kikristo za safari ya kwenda Misri. Kati ya Yerusalemu na Bethlehemu kulikuwa na kanisa la karne ya 5 la pembe 8, Kathisma, yaani "kiti", lililojengwa kuzunguka mwamba ambapo inasemekana Maria alipumzika. Magofu yake yalionekana tena mwaka 1992. Katika karne ya 8 liliongezwa mihirabu, na sakafuni kuna mozaiki ya mtende uliobeba matunda. Waislamu na Wakristo walisali kwenye mwamba mmoja!

Kalamu
Ndugu zangu, naona tumeng'ang'ania nasaba wakati mgongano wenyewe uko kwingine. Mtaguso wa Efeso, mkutano wa maaskofu wa mwaka 431, ulimthibitishia Maria jina la Mama wa Mungu, kinyume na Nestori, askofu wa Konstantinopoli aliyelipinga. Mwislamu hawezi kulitamka jina hilo kamwe. Na jambo moja linalochanganywa kila siku: "Mkingiwa Dhambi ya Asili", fundisho la Papa Pius IX la mwaka 1854, halihusu Maria kumzaa Yesu bila mume. Linahusu Maria mwenyewe alipotungwa tumboni mwa mama yake. Waprotestanti wanalikataa, lakini Bukhari, mkusanyaji mkubwa wa hadithi, amepokea hadithi kwamba kila mtoto huguswa na shetani azaliwapo, isipokuwa Maryamu na mwanawe.

Mleta mada
La majina matatu nalirudisha; nabaki na Imrani. Anayeijua vizuri 5:116, pale Mungu anapomuuliza Isa kama aliwaambia watu wamfanye yeye na mama yake "miungu wawili", aendelee hapa.