Meneja mpya kaufungia mkebe wa tipu ofisini

Chanuo: Asalaam aleikum. Mimi ni weita kwenye hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi, mwaka wa saba huu. Tipu zetu zilikuwa zaingia mkebe wa biskuti pale kaunta, Jumamosi jioni twagawana wote tukiona, mpaka dada wa dobi. Mwezi wa nane kaja meneja mpya. Mkebe aufungua peke yake ofisini, halafu aita mmoja mmoja na bahasha. Wiki iliyopita yangu ilikuwa na shilingi 300. Sikuuliza. Nikarudi kukunja vitambaa vya meza kwa hasira, mzee mmoja wa Kitaliano akaniuliza kama naumwa. Hela ni hela, lakini kinachonikereketa ni kuwa sijui nimekosa nini. Mke wangu asema siku hizi nawafokea watoto bure. Niache kazi, na Desemba ndiyo hii?

Mtepe: Usiache, ndugu yangu. Huku Shela mwaka jana tulikatwa siku za kazi mwezi wa Mei, masika, wageni hakuna. Meneja alikaa nasi barazani na daftari, akatuonyesha vyumba vilivyolala watu (vitatu!) na yeye mwenyewe kakatwa kiasi gani. Tuliumia, hakuna aliyenuna. Yule wa kabla yake alikata vivyo hivyo, ila kwa karatasi iliyobandikwa mlango wa jikoni. Mwezi ule sukari na mafuta yaliisha upesi ajabu. Mimi simo.

Bi Hesabu: Hilo la sukari lina mwenzake. Mwaka 1990 Jerald Greenberg, Mmarekani, alichapisha utafiti wa viwanda viwili vilivyokatwa mshahara asilimia 15 kwa wiki 10. Palipoelezwa kwa kirefu na kwa utu, wizi uliongezeka kidogo. Palipoelezwa juujuu, ukapanda sana. Makato ni yale yale.

Supavaisa Mstaafu: Mkebe wa wazi nao una dhuluma yake. Anayebeba sinia siku nzima apata sawa na anayejificha stoo na simu. Umemuuliza lakini?

Chanuo: Nimemuuliza leo baada ya lanchi, magoti yakinitetemeka. Kumbe amenikatia siku tatu nilizokwenda mazishini. Angalisema tu! Jumamosi mkebe utafunguliwa mbele ya weita wawili. Dada wa dobi bado hayumo kwenye mgao, hilo kalikataa katakata.