Malalamiko: Mitambo ya sola visiwani inafungwa kwa nywila, mafundi majirani tunazuiwa kuitengeneza

Ndugu wanajukwaa, asalamu alaikum na habari za leo. Uzi huu naufungua nikiwa na hasira, na nimekaa siku tatu bila kuandika nikitumaini kwamba itatulia, isitulie. Mimi ni fundi wa umeme wa jua, nina kibanda changu Ngamiani, hapa Tanga, huu ni mwaka wa 11. Ninacholalamikia ni namna misaada ya nishati inavyopelekwa katika visiwa vinavyotegemea mafuta, halafu wenyeji wakaachiwa mashine ambazo hakuna mtu wa karibu anayeruhusiwa kuzigusa.

Mwezi uliopita shemeji yangu, ambaye kwao ni Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, aliniomba nifike kijijini kwao nikautazame mtambo wa sola wa zahanati. Ulijengwa kwa msaada wa nje, ukafunguliwa kwa ngoma na hotuba, ukafanya kazi miaka 4, ukazima. Nilipanda ndege Dar es Salaam kwa nauli waliyochangishana wanakijiji wenyewe. Nilipofungua kifuniko cha inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa paneli uweze kutumika kwenye vyombo vya kawaida, nikakuta feni imeganda. Chumvi ya baharini na vumbi jeusi la Karthala, mlima wa volkano wa kisiwani humo, vilikuwa vimeshikamana pale katikati kama lami. Feni isipozunguka mashine hupata joto, na ikipata joto mara kwa mara hujizima ili isiungue. Feni ya aina ile hapa mjini naipata kwa shilingi 15,000, na kwa bahati nilikuwa nayo moja mkobani. Nikaibadilisha, nikasugua vichwa vya nyaya vilivyoota kutu ya kijani, nikawasha. Kioo kikaonyesha kwamba mashine imefungwa na haitafanya kazi mpaka iingizwe nywila ya kampuni iliyoifunga.

Tukaiandikia kampuni hiyo. Jibu lilikuja baada ya siku 6: mkataba wa matengenezo umekwisha, nywila haitolewi kwa mtu asiye fundi wao, na zahanati ikitaka huduma ilipie nauli na posho ya fundi kutoka Ulaya. Nilimsomea muuguzi jibu hilo. Hakusema neno; alichukua dumu akaenda kutafuta dizeli. Friza ya chanjo sasa inaendeshwa na jenereta, na siku dizeli inapoadimika muuguzi huyo huzipakia chanjo kwenye kikasha cha barafu akaenda kumwomba mwenye friji katika mji mwingine.

Pengine sisi wa bara hatuuoni uzito wa jambo hili. Hapa Tanga mtambo mmoja ukizimika, gridi inaweza kutuletea umeme kutoka Kidatu, Mtera au Rufiji. Komoro haina jirani wa kumwazima umeme. Karibu umeme wao wote unatoka kwenye jenereta za dizeli, na kila lita inaletwa kwa meli. Meli ikichelewa mji unalala gizani, na bei ikipanda huko duniani, fedha ambayo ingenunua dawa na mchele inamiminwa matangini. Kwa watu wa namna hiyo paneli zilizo juu ya paa la zahanati si pambo, na anayeziacha zife kwa sababu ya feni anawarudisha kwenye dumu la dizeli walilokuwa wamekwisha kuliweka chini.

Sipingi ushirikiano wa mataifa, na watu wa Tanga ndio wa mwisho wanaoweza kuupinga. Pemba iliishi kwa jenereta za Wesha mpaka mwaka 2010, pale waya wa chini ya bahari wa kilovolti 33, uliolipiwa kwa sehemu kubwa na Norwei, ulipoanza kupeleka umeme kutoka mkoani kwetu. Jirani zetu walipumua. Wakati huohuo Unguja ilikuwa imetoka kukaa karibu miezi 3 bila umeme, tangu Desemba 2009, kwa sababu njia yake ya umeme kutoka bara ilikuwa moja tu na iliharibika. Waya wa pili, wa megawati 100, ulikuja kwa fedha za Marekani mwaka 2013. Aliyepitia miezi ile hahitaji kuelezwa na mimi maana ya kukosa akiba.

Na yako mahali walikofanya vizuri. Cabo Verde, nchi ya visiwa magharibi ya Afrika, ambayo nayo ililishwa na mafuta yanayoletwa kwa meli, ilifungiwa mitambo 30 ya upepo katika visiwa 4, jumla ya megawati 25.5, na serikali pamoja na shirika lao la umeme waliingia humo kama wenye hisa. Tokelau, visiwa 3 vidogo kabisa vya Pasifiki, viliwekewa sola mwaka 2012 kwa fedha za New Zealand, na wenyeji walishika spana tangu siku za ujenzi. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba haiwezekani.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, hapa hapa kwetu, liliwekewa masharti ya kushirikisha wazawa, na kila mtu aliona ni haki. Mafuta yakapewa sharti. Jua na upepo, tunavyoambiwa kwamba ndivyo vya kesho, vinasainiwa bila hata mstari mmoja wa kumkabidhi mwenye mali nywila ya mashine yake. Hapo nawalaumu pia wakubwa wa visiwani wanaotia saini. Mfadhili asiyejua pwani yetu anaweza kusahau chumvi, lakini wewe uliyezaliwa ufukweni umesahauje? Siku ya makabidhiano ndiyo siku ya kudai nywila kwa maandishi, sanduku la vipuri pamoja na feni zake, na fundi wawili wa kijijini waliofundishwa mpaka wakaweza. Wakishindwa wao, sisi tupo. Tanga ina mafundi waliosoma vyuo vya ufundi vya VETA, na huko Ngazidja sikuhitaji mkalimani hata siku moja. Kikomoro ni ndugu wa Kiswahili, na tulielewana vya kutosha kufanya kazi.

Feni niliyoiweka iko ndani ya inveta ile mpaka leo. Niliijaribu kwa betri ndogo kabla ya kuondoka, ikazunguka vizuri. Paneli 24 zinapigwa na jua tangu asubuhi na umeme wake hauendi popote. Juzi nimeipelekea kampuni barua ya tatu. Aliye humu na njia ya kumfikia mfadhili yeyote wa miradi ya Komoro aniandikie faraghani, nitampa jina la kijiji na namba iliyo ubavuni mwa mashine.