Naomba ushauri: Impreza WRX STI ya 2004 inasita presha ya turbo ikipanda. Nirekebishe kwanza au niiongezee nguvu?

Usukani_Kulia (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Ninamiliki Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2004 iliyoagizwa moja kwa moja kutoka Japani, yenye injini ya EJ207 ya lita 2.0, gia sita za mkono na turbo ya kiwandani. Mmiliki aliyenitangulia alifunga filta ya hewa ya koni, silensa kubwa ya nyuma, na ile vali ya turbo inayomwaga hewa nje kila unapoachia mafuta, yenye mlio ambao vijana wanaupenda. Kwa kadiri ninavyofahamu, kompyuta ya injini haijaguswa tangu kiwandani.

Tatizo ni hili. Kuanzia gia ya kwanza hadi ya tatu gari inavuta vizuri, lakini nikiwa gia ya nne au ya tano na nikakanyaga mafuta hadi chini, ikifika mizunguko kama 4,000 kwa dakika inasita, inashtuka mara mbili tatu kama taa ambayo mtu anachezea swichi yake, kisha inaendelea. Nikibadili gia kwa haraka, nyuma hutoka moshi mweusi kidogo. Injini ikiunguruma gari likiwa limesimama imetulia kabisa, taa ya injini haiwaki na joto halipandi. Ninatumia petroli ya okteni 95.

Mpango wangu ulikuwa kufunga daunipaipu pana (bomba la moshi linaloanzia kwenye turbo), interkula ya mbele (kipozeo cha hewa iliyobanwa na turbo) na kutuni kompyuta upya. Fundi mmoja amenishauri nifunge vyote kwa mpigo, akidai kwamba kutuni upya kutaiondoa hitilafu yenyewe. Naomba maoni yenu kabla sijafungua pochi.

BoksaNne

Mkuu, huyo fundi msikilize kwa heshima halafu usimfuate. Kutuni kunapanga kiasi cha petroli, muda wa cheche na presha ya turbo kwa injini ambayo tayari ni nzima. Ukiipangia injini inayovuja hewa, siku utakapoziba uvujaji huo hesabu zote zitakuwa zimeharibika, na kwenye injini ya turbo hesabu mbovu hutoboa pistoni.

Dalili ulizozieleza zinasema mengi. Gari lako linapima hewa inayoingia kwa sensa iliyoko karibu na filta, yaani kabla ya turbo. Kompyuta ikishaihesabu hewa hiyo, inaamini kwamba yote itafika kwenye silinda na inamwaga petroli ya kutosha hewa hiyo. Vali inayotoa hewa nje inamwaga hewa ambayo tayari imehesabiwa, hivyo kwa muda mfupi petroli inazidi. Huo ndio moshi mweusi unaouona wakati wa kubadili gia. Mpira uliopasuka kati ya turbo na injini hufanya jambo lile lile, isipokuwa huo unavuja muda wote presha inapokuwa juu.

Kwa nini gia ya nne na ya tano tu? Kwa sababu katika gia hizo mzigo ni mkubwa na unadumu, turbo inapata nafasi ya kujaza presha yote, na kadiri presha ndani ya silinda inavyoongezeka ndivyo cheche inavyohitaji umeme wa volti nyingi zaidi ili iruke kwenye pengo la plagi. Plagi iliyochakaa, ambayo pengo lake limepanuka, inafanya kazi vizuri mjini na kuzimika pale unapoihitaji. Ongeza hapo mchanganyiko wenye petroli nyingi kupita kiasi, na cheche inazidi kupata shida.

Kwa hiyo anza na vitu viwili. Toa plagi zote nne na upime pengo. Kwa injini hii liwe kati ya milimita 0.7 na 0.8. Kuzitoa kwenye injini ya boksa, yaani yenye silinda zilizolala kushoto na kulia, ni kazi ya kukwaruza viganja, kwa kuwa plagi zimelala ubavuni karibu na fremu. Utalazimika kutoa betri upande mmoja na boksi la hewa upande wa pili, basi weka muda wa kutosha. Kila plagi iweke kwenye kipande cha boksi chenye namba ya silinda yake, kwa sababu rangi ya ncha ni ushahidi: masizi meusi makavu ni petroli nyingi, na weupe wenye vidoadoa vinavyong'aa ni joto au kugonga, yaani mchanganyiko kujilipua wenyewe.

Pili, fanya jaribio la presha. Ziba mdomo wa bomba linaloingiza hewa kwenye turbo kwa kifuniko chenye vali ya tairi, ziba pia mpira wa pumzi ya injini usije ukazisukuma sili za kreki (mhimili mkuu wa injini), kisha jaza hewa taratibu bila kuvuka bar 1 na upulizie maji ya sabuni kwenye viungo vyote. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Mara nyingi mpasuko unakuwa chini ya interkula, mahali usipoweza kupaona mpaka uing'oe.

Mlio_wa_Boksa

Naunga mkono, ila mimi ningeongeza kitu kimoja: wakati ukiwa umefungua, funga ekzosi ya mbele yenye mabomba ya urefu tofauti upate ule mlio halisi wa Subaru. STI bila mlio ule ni gari la kawaida.

BoksaNne

Ndugu yangu, kwa gari hili hapana. Turbo ya EJ207 ya kizazi hiki ina njia mbili za kuingizia moshi, na mabomba ya kiwandani yamepangwa ili silinda ya 1 na ya 2 zitumie njia moja, huku ya 3 na ya 4 zikitumia nyingine. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-2-4, kwa hiyo silinda zinazoshirikiana njia zinapishana kwa nafasi sawa na hazisukumiani moshi. Ndiyo maana turbo inaamka mapema. Ukifunga ekzosi ya mlio utalazimika kuitupa faida hiyo, na pengine turbo yenyewe. Mwenye kupenda mlio anunue gari lililotengenezwa hivyo.

Okteni_Mia

Nashangaa hakuna aliyegusa petroli, ilhali kwangu hilo ndilo jambo la kwanza kwa gari lolote la nguvu lililotengenezwa kwa soko la Japani. Petroli ya daraja la juu inayouzwa huko ni ya okteni karibu 100, na kompyuta ya gari hili ilipangwa kwa petroli hiyo. Ukiipa 95, mchanganyiko unaweza kujilipua wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, yaani injini inagonga. Sensa ya kugonga inasikia na kompyuta inachelewesha cheche, nguvu zinapungua, na ikizidi kusikia inajifunza kupunguza hata kabla ya kugonga. Hiyo ni kinga ya dharura, si namna ya kuendesha gari kila siku, kwani kila mara inaingilia kati baada ya pigo la kwanza kutokea.

Soma data ya kompyuta wakati gari likitembea: marekebisho ya papo hapo ya kugonga, marekebisho yaliyojifunzwa, na kizidishio cha kuwahisha cheche, ambacho kutegemea kizazi cha kompyuta husomeka 1 au 16 kikiwa katika hali bora. Kikiwa chini ya hapo, gari limekwisha kukata tamaa na petroli yako. Jihadhari na skana ndogo za Bluetooth, kwa sababu nyingi haziongei vizuri na Subaru za soko la Japani za miaka ile. Tafuta kebo na programu zinazotumia itifaki ya Subaru yenyewe.

Filta ya koni nayo usiiamini. Sensa ya hewa ilipimwa ikiwa ndani ya boksi la kiwandani, na ukibadilisha umbo la njia ya hewa bila kuipanga upya kompyuta, vipimo vinapotoka, wakati mwingine kuelekea petroli kidogo, na huko ndiko kubaya zaidi.

Usukani_Kulia

Nashukuru sana wakuu, nimefanya mlivyoelekeza na majibu ni haya. Mapengo ya plagi yalikuwa kati ya milimita 1.0 na 1.1, na zote nne zina masizi meusi makavu. Katika jaribio la presha hapakuonekana kitu juu, lakini tulipoing'oa interkula tuliukuta mpira unaotoka kwenye turbo umepasuka upande wa chini, mpasuko wa urefu wa kidole ambao unajifunga wenyewe ukiwa umetulia na kufunguka ukisukumwa. Aidha, ule ukanda wa sponji unaoziba kati ya tundu la boneti na interkula umeoza na kubaki vipande.

Nimefunga mpira mpya, plagi mpya, vali ya kurudisha hewa ya kiwandani na boksi la filta la asili. Kusita kumekwisha na moshi umekwisha. Hata hivyo data inaonyesha kizidishio bado kiko chini ya kiwango chake, na katika gia ya nne kompyuta inachelewesha cheche kwa digrii kadhaa. Sasa je, niendelee na daunipaipu na interkula ya mbele?

Jambo lingine: ndani ya boneti kuna stika ya Kijapani ya mkanda wa taimingi yenye namba 25 na kilomita 98,000. Gari sasa lina kilomita 151,000.

BoksaNne

Hongera kwa kazi nzuri. Hiyo 25 ni mwaka wa enzi ya Heisei, yaani 2013. Kwa kilomita mkanda bado uko ndani ya 100,000 zinazotajwa, lakini kwa umri umezeeka, na mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Injini hii mkanda ukikatika vali zinagongana na pistoni, kwa hiyo badilisha pamoja na tensheni, roli zake zote na pampu ya maji. Ukijaza tena maji ya rejeta, jaza polepole kupitia tangi la juu na uache hewa itoke, kwani boksa ikibakiwa na hewa ndani inachemsha bila onyo. Mapovu yakiendelea kutoka kwenye tangi injini ikiwa ya moto, chunguza gasketi za hedi.

Kabla ya daunipaipu, pima kompresheni (presha inayobanwa na pistoni) ya silinda zote na utazame tofauti baina yake kuliko namba zenyewe. Tofauti ikizidi asilimia 10, usiongeze presha. Oili usimsubirie fundi wa sevisi: angalia kijiti kila unapojaza petroli, maana injini za EJ zikipungukiwa oili kwenye kona kali huua beringi za kreki. Kilomita 5,000 kwa oili ya sintetiki zinatosha kwa mtu anayekanyaga. Na tairi zote nne ziwe za aina moja zenye kuchakaa sawa, la sivyo difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inafanya kazi isiyoisha.

Okteni_Mia

Nguvu ya kwanza ya kununua ni programu iliyopangwa kwa petroli unayoipata kweli. Mpangaji mzuri atapunguza cheche na presha pale inapogonga, na ajabu ni kwamba gari litakwenda vizuri zaidi, kwa sababu kompyuta itaacha kujihami kila dakika. Nguvu za farasi 280 zilizoandikwa kwenye karatasi zilitokana na makubaliano ya watengenezaji wa Japani ya kutotangaza zaidi ya hapo, yaliyodumu hadi 2004, basi usiitumie namba hiyo kupimia unachopata au unachopoteza.

Daunipaipu ije baadaye na kompyuta ipangwe tena siku hiyo hiyo, kwa kuwa moshi ukitoka kwa urahisi turbo inaweza kupandisha presha kuliko vali yake ya kupunguza inavyoweza kudhibiti. Kuhusu interkula ya mbele, bado sioni sababu. Ya juu ina njia fupi na turbo inajibu haraka. Udhaifu wake ni kupata joto kwenye foleni, na wewe umekuwa ukiitumia bila ukanda wa kuelekeza upepo. Funga ukanda mpya kwanza. Ukishapata data ya gia ya nne kwa programu mpya, iweke hapa pamoja na joto la hewa inayoingia, tuone kama interkula hiyo imeshindwa kweli kabla hujakata bampa.