Kambare wa bwawani Chunya: kuna njia ya kuwatoa kemikali kabla sijauza?

Mpambanaji_Chunya: Wakuu, habari za majukumu. Nina bwawa la kambare, wamefikia kuuzwa na mteja wa Mwanjelwa anawasubiri. Kuna jamaa kanitia hofu eti samaki wa huku wana kemikali. Nikitoa vichwa na matumbo, nikawaloweka kwenye ndimu na chumvi, halafu nikawakausha kwa moshi, si zinatoka? Usingizi sipati.

Mama_Usipa: Mdogo wangu, achana na kambare. Mimi nachukua usipa Kyela, gunia likifika Mbeya halilali. Mtaji wangu ulianzia kwenye vikoba...

Kaka_wa_Uyole: Maji unatoa wapi?

Mpambanaji_Chunya: Ya korongoni, ya kawaida tu. Nimeuliza kuhusu ndimu.

Kaka_wa_Uyole: Juu ya hilo korongo kuna nini? Usitufiche, mkuu.

Mpambanaji_Chunya: Kuna mwalo, watu wanaosha dhahabu. Lakini wako mbali kidogo. Bwawa ni shimo la zamani nililopewa bure, kuchimba jingine ni mamilioni. Na samaki wamenona, hafi hata mmoja. Maji yangekuwa na sumu si wangeelea? Halafu mteja kashanipa nusu ya hela, nimelipa ada za watoto.

Maabara_Mbeya: Sayanaidi, sumu nyingine ya kutolea dhahabu, ndiyo inayoua samaki papo hapo. Zebaki, ile wanayonasia dhahabu mwaloni, haiwaui, inakaa ndani yao. Ikitoka mwaloni inatulia kwenye tope, vijidudu vya tope vinaigeuza kuwa aina inayonasa mwilini, na kambare analala humo humo akila wadogo wake. Anavyokua ndivyo anavyolimbikiza. Tena inashika kwenye mnofu wenyewe, si kichwani wala tumboni tu. Ndimu haifui dafu. Kukausha ndiyo kabisa: maji yanatoka, zebaki inabaki, kilo moja ya samaki mkavu inakuwa na nyingi kuliko ya mbichi.

Fundi_Karasha: Mimi nimechoma dhahabu yenye zebaki kwenye karai tangu ujana, bila kitu puani. Leo kikombe cha chai nashika kwa mikono miwili. Hospitali wananiambia ni uzee, nami sijafika hamsini.

Mzee_Mporoto: Ada inayolipwa kwa afya ya watoto wa wenzio haina baraka, mwanangu.

Kijana_wa_Soweto: Wazee mnahangaika, hii ni chai, stori ya kutunga. Chunya kiangazi watu wanagombea ndoo, yeye ana bwawa? Na mteja gani wa Mwanjelwa analipa kabla hajaona samaki?

Kaka_wa_Uyole: Hata mimi nimeanza kuwaza hivyo.

Mpambanaji_Chunya: Si chai! Mteja ni shemeji yangu. Bwawa halikauki kwa sababu maji ya mwaloni nimeyaelekeza humo. Na sisi wenyewe tunawala karibu kila siku. Mke wangu ni mjamzito, ningempa sumu nikijua?

Mama_Usipa: Mungu wangu. Mbona hukuanzia hapo?

Maabara_Mbeya: Hata kama ni chai, nitajibu, maana kuna mwingine anasoma mwenye bwawa kama hilo. Mama aache hao samaki leo. Zebaki hiyo inavuka kondo la nyuma na kufika kwenye ubongo wa mtoto. Minamata, Japani, ugonjwa wa zebaki hiyo kutoka kwa samaki uligunduliwa 1956, na wako mama waliojiona wazima wakazaa watoto walioathirika. Ila usikate tamaa: akiacha, nusu ya iliyomo mwilini hutoka kwa miezi miwili hivi. Clinic aeleze yote. Samaki asiache kabisa, ale usipa au dagaa.

Kuuza, simama. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo hapa Mbeya kwa Nyanda za Juu Kusini. Piga simu kwanza uulize gharama na namna ya kuchukua sampuli. Nchi nyingi kikomo cha zebaki ni miligramu 0.5 kwa kilo ya samaki.

Mpambanaji_Chunya: Na hela ya shemeji?

Mzee_Mporoto: Mwambie ukweli, deni mtapangiana. Ni ndugu yako huyo.

Mpambanaji_Chunya: Nimempigia, kakasirika ila kanielewa. Hizo sampuli, nichukue samaki wakubwa au wadogo?

Maabara_Mbeya: Wote, kila saizi mfuko wake safi, ndani ya barafu. Na tope la bwawa pia.