Naomba ushauri: nikague nini kwenye mji nisioujua kabla ya kuhamia?

Habari zenu ndugu zangu. Nimepata kazi kwenye mji ambao sijawahi kukanyaga, na kabla sijakubali nataka nikauone kwa macho yangu. Sitaki matembezi ya kitalii. Nafikiria kulala mtaa wa kawaida, asubuhi nisafiri saa ya foleni hadi kazini, na usiku nitembee nione kama njia zina taa na watu. Habari za maji na umeme nitawauliza wapangaji wenyewe, maana dalali hawezi kukwambia ubaya wa nyumba anayoitafutia mteja. Kinachoniumiza kichwa ni watoto: shule utaijuaje kwa ziara fupi? Na je, nisubiri msimu wa mvua ndipo niende? Mliowahi kuhama na familia, nisaidieni tafadhali.