Naomba ushauri: gharama halisi za Fuso ninayoendesha mwenyewe

Wakuu habari zenu, nina Fuso naendesha mwenyewe, napiga Makambako Dar na mahindi, zaidi ya kilomita 600 kwenda tu. Miaka yote nilikuwa natoa dizeli na posho ya utingo, kinachobaki naita faida. Juzi tairi mbili za nyuma zimekwisha mpaka nyuzi zinaonekana, kufungua daftari hela ya tairi hakuna, yani roho imeniuma sana. Sasa tairi, oili, bima, uchakavu wa gari na mshahara wangu mimi dereva mnavigawaje kwa kilomita? Na kurudi tupu mnakuhesabu vipi, maana saa nyingine nakaa Dar siku tatu nasubiri mzigo na kula nakula. Mwenye uzoefu anielekeze jamani, hili gari ndio linasomesha wanangu.